Mchezo wa Mtandao na Riwaya ya Kiswahili: Uhakiki wa Njia Mpya ya Kumtangaza Mwandishi, kwa Kuutazama Mji wa Tunduma

I

Si jambo geni siku hizi kusikia ikishauriwa kwamba riwaya, ikiwa yataka kuwafikia vijana, haina budi kupita katika mchezo wa mtandao. Wanaotoa shauri hili husema kwamba kijana ameshika simu mchana na usiku, na kitabu hakishiki. Basi kitabu na kimfuate huko aliko. Makusudi ya makala haya ni kulipima shauri hilo. Hatulikatai, wala hatulipokei zima zima. Twauliza swali moja: ni mchezo wa namna gani unaomtangaza mwandishi, na ni mchezo wa namna gani unaolitumia jina lake tu? Jibu letu, ambalo tutajaribu kulithibitisha, ni kwamba mchezo humfaa mwandishi pale tu ambapo hauchezeki ila kwa maneno yake.

Kwa kusema mchezo wa mtandao twakusudia mchezo unaochezwa katika simu au kompyuta, ambao mwendo wake hufuata hiari ya mchezaji. Akichagua hili, habari huenda huku. Akichagua lile, huenda kule. Hiari hiyo ndiyo inayoupambanua mchezo na riwaya, kwani msomaji wa riwaya aweza kufurahi au kukasirika, lakini hawezi kumzuia mtu wa hadithi asifungue mlango.

Tumeuchagua mji wa Tunduma kuwa mahali pa kulipimia shauri hili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni umbali. Tunduma iko mpakani mwa Tanzania na Zambia, mwisho wa barabara kuu itokayo Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 900. Kitabu kilichopigwa chapa Dar es Salaam hakina budi kusafiri mwendo huo wote, na bei yake husafiri nacho. Bali mchezo hufika kwa nukta moja. Ya pili ni lugha. Mkoa wa Songwe, uliokatwa kutoka Mbeya mwaka 2016, makao yake makuu yakiwa Vwawa, una wilaya za Mbozi, Momba, Ileje na Songwe, na humo husemwa Kinyiha, Kinyamwanga, Kindali, Kilambya, Kimalila, Kibungu na lugha nyingine kadha. Kinyamwanga chasemwa pande zote mbili za mpaka. Kwa wenyeji wengi wa huko Kiswahili si lugha ya mama bali ni lugha ya shule, ya soko na ya madereva wa malori yanayongoja zamu ya kuvuka kwenda Nakonde na mbele yake. Kijana wa namna hii, akifungua mchezo katika simu yake, aghalabu hukutana na Kiingereza. Basi ikiwa hoja ya mchezo ina nguvu popote, itakuwa nayo Tunduma; na ikiwa ina kasoro, huko ndiko zitakakoonekana upesi.

II

Yafaa kwanza tutazame mambo yalivyokuwa kwa wenzetu waliotangulia. Mifano ni mingi, lakini mitatu yatosha, kwa kuwa kila mmoja waonyesha njia yake mbali.

Mfano wa kwanza ni wa Andrzej Sapkowski, mwandishi wa Poland, aliyeanza kutoa hadithi zake za mwinda mazimwi, Geralt, mwaka 1986. Kampuni ya CD Projekt ilitengeneza michezo mitatu mikubwa juu ya mtu huyo, The Witcher, iliyotoka mwaka 2007, mwaka 2011 na mwaka 2015. Michezo hiyo ilienea duniani, na hapana shaka iliwaleta wasomaji wapya kwenye vitabu. Lakini tutazame jinsi ilivyowaleta. Habari za michezo si zile za riwaya; ni habari mpya, zilizobuniwa na watu wengine, zikianzia pale riwaya zilipokomea. Kuna matoleo ya vitabu yaliyotoka na picha za mchezo katika jalada, hata mgeni wa mambo haya angeweza kudhani kwamba kitabu kilizaliwa na mchezo. Zaidi ya hayo, mwandishi alikuwa amekubali kulipwa mara moja, akakataa kupewa fungu katika kila mauzo. Mwaka 2018 mawakili wake walidai zloti milioni 60, na mwishoni mwa mwaka 2019 pande mbili zikapatana upya. Hapa mwandishi alipata jina, lakini maneno yake yalibaki nje ya mlango.

Mfano wa pili ni wa mafumbo yaliyowekwa katika intaneti mwaka 2006 kwa msaada wa kampuni ya Google, kuitangaza sinema iliyotokana na riwaya ya Dan Brown, The Da Vinci Code. Mchezaji alifumbua fumbo baada ya fumbo akitumaini kupata zawadi. Kwa kuwa riwaya yenyewe ni habari ya mafumbo, waweza kusema kwamba mchezo ulifanana na kitabu. Lakini huko ni kufanana kwa sura tu. Mtu aliweza kuyafumbua yote asijue mwandishi huandika vipi, kwani fumbo la michoro halimdai mchezaji asome aya hata moja ya riwaya.

Mfano wa tatu ni wa zamani zaidi, nao ndio ulio bora. Mwaka 1984 kampuni ya Infocom ya Marekani ilitoa mchezo uliotokana na riwaya ya Douglas Adams, The Hitchhiker's Guide to the Galaxy. Mwandishi mwenyewe aliutunga pamoja na Steve Meretzky. Mchezo ule haukuwa na picha hata moja. Kompyuta ilimwandikia mchezaji habari, naye akajibu kwa kuandika amri fupi. Akikosea, kompyuta ilimjibu kwa mzaha na kejeli zilezile zilizokipa kitabu sifa. Huwezi kuucheza mchezo ule pasipo kuisikia sauti ya Adams. Mchezaji anayekwenda dukani kununua kitabu hakisi atakachokikuta, maana amekwisha kukionja.

Kwa mifano hii mitatu twapata kipimo. Wa kwanza ulichukua mtu wa hadithi, wa pili ulichukua jina la hadithi, wa tatu ulichukua kauli. Mtu wa hadithi na jina huweza kunyakuliwa vikaishi bila ya mwandishi, kauli haiwezi.

III

Mtu asidhani kwamba mchezo wa maneno ni jambo la kuazima kwetu. Kitendawili ni mchezo uliokamilika, wenye kanuni, wenye ushindani na wenye adhabu. Mmoja husema, "Kitendawili!" Wenziwe hujibu, "Tega!" Akishatega, wao hubahatisha, wakishindwa, mtegaji hudai mji, nao humpa mji, naye hujisifu alivyofika huko na alivyopokewa, kisha ndipo hufumbua. Msikilizaji hakai kimya; bila ya jibu lake mchezo hauendi. Na hauchezeki ila kwa maneno, kwani siri yote imo katika namna ya kusema. Mtoto wa Tunduma aliyeshindwa ana miji tele ya kulipia: Nakonde, Mbeya, hata Lusaka na Lubumbashi.

Kutoka kwenye kitendawili hadi kwenye riwaya ya upelelezi si safari ndefu. Muhammed Said Abdulla (1918–1991) wa Zanzibar alishinda mashindano ya utungaji ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957/58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kilichopigwa chapa mwaka 1960. Maiti yaonekana mzimuni, watu wanong'ona mambo ya mizimu, naye Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, ashika njia ya akili. Vikafuata Kisima cha Giningi mwaka 1968, Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974, na vinginevyo. Katika vitabu hivi muuaji hafumbuliwi kwa bastola wala kwa mbio za magari. Bwana Msa huuliza, husikiliza, hutia mzaha, hunyamaza. Na siri aghalabu imelala katika nasaba, yaani nani ni mwana wa nani, nani aliolewa na nani, na nani hajijui alikotoka. Ushahidi wake mkubwa ni maneno ya watu.

Tumlinganishe na mwandishi mwingine aliyependwa sana Tanzania Bara. Elvis Musiba alimleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974, akamwendeleza katika Kikosi cha Kisasi, Njama na vitabu vingine. Willy Gamba ni mtu wa vitendo: hupanda ndege, hupigana, huponea chupuchupu, na nyuma ya mikasa yake mna vita vya ukombozi wa kusini mwa Afrika. Tunduma ingemfaa sana mtu wa namna hii. Huko ndiko reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na mwaka 1975 ili Zambia isiitegemee njia ya Rhodesia, inakovukia mpaka.

Mtengenezaji wa michezo akipewa waandishi hawa wawili achague, yamkini atamchagua Musiba. Vitendo vya Willy Gamba huingia katika mchezo wa picha kwa urahisi: kimbia, jifiche, piga. Lakini hapo ndipo ulipo mtego. Mchezo wa kukimbia na kupiga risasi uko tayari kwa maelfu, nao haujali kama mpigaji aitwa Willy au aitwa jina lingine lolote. Ukimwondolea Musiba ile hamu ya siasa na ile namna yake ya kumkokota msomaji kutoka sura hata sura, kitakachobaki ni mwanasesere mwenye bastola. Itakuwa kama habari ya Geralt, tena bila ya fedha za Geralt.

Abdulla, ambaye kwa macho ya mtengenezaji ni mzito, ndiye anayefaa zaidi kwa kipimo chetu. Fikiri mchezo ambamo mchezaji ndiye anayeuliza maswali. Watu wa mji wamejibu, kila mmoja kwa kauli yake. Mmoja amesema neno ambalo hangelisema kama kweli hakuwako. Mchezaji asiyesoma kwa makini atapita bila ya kuliona. Hapo kusoma ndiko kucheza.

Hata hivyo, hapana budi tuseme na kasoro. Riwaya ya upelelezi ina jibu moja, na mchezo uliokwisha kufumbuliwa umekufa. Bali kitabu cha Abdulla husomwa tena na mtu anayemjua muuaji, kwa sababu ya ladha ya maneno. Pia mchezo hutaka haraka, na Abdulla hutaka utaratibu. Nusu ya utamu wake ni kule kukawia. Shauri letu ni kwamba mchezo usiimalize riwaya. Uishie kizingitini, pale Bwana Msa anapokusanya maneno yote aliyoyasikia na kabla hajasema. Mtu aweza kudai kwamba huku ni kumhadaa mchezaji. Sivyo, madhali ameambiwa tangu mwanzo. Katika kitendawili hakuna anayelalamika kwamba jibu limezuiwa. Anajua kwamba jibu lina bei, na bei yake ni mji. Hapa bei yake ni kitabu.

IV

Sasa twaja kwenye jambo ambalo watu wa biashara hulipita haraka, nalo ndilo linalowahusu zaidi wasomaji wa jarida hili: sarufi.

Michezo mingi haiandikwi sentensi kwa sentensi. Huandikwa kwa vipande: sentensi yenye pengo, na orodha ya majina ya kutiwa penye pengo. Kwa Kiingereza kazi hii ni nyepesi, kwa sababu sifa haibadiliki kwa kulifuata jina. Kwa Kiswahili haiwi. Chukua sentensi ya kawaida katika michezo ya namna hii, kwamba mchezaji amepata kitu ambacho hakuwa nacho. Mwenye kufasiri huandika "Umepata … mpya," akaacha pengo. Likitiwa "ufunguo" au "barua," hapana neno. Likitiwa "kisu," tungetaka "kipya", likitiwa "jiwe" au "gazeti," tungetaka "jipya", likitiwa "mahali," tungetaka "papya." Wingi huongeza tabu: visu vipya, mawe mapya, funguo mpya. Na mchezaji akiambiwa achukue, hana budi kuambiwa "kichukue," "lichukue," "uchukue" au "ichukue," kila kitu kwa ngeli yake.

Mtu atasema kwamba kompyuta yaweza kufundishwa kutazama silabi ya kwanza ya jina. Yaweza, nayo itatuandikia "kijana kipya" na "kiongozi kipya," kwa kuwa haijui kwamba chenye roho huacha umbo lake kikafuata upatanisho wa watu. Wala haitajua kwa umbo peke yake kwamba "jirani" na "karani" ni watu, bali "sahani" ni chombo. Jambo hili halina dawa ila moja: kila jina liandikwe pamoja na ngeli yake, na kazi hiyo ifanywe na mtu aijuaye lugha.

Uharibifu huu wadhuru zaidi Tunduma kuliko Unguja. Mtoto wa Makunduchi akisoma "umepata jiwe mpya" atacheka, kwa sababu amelelewa na upatanisho. Mtoto wa Momba, ambaye lugha yake ya mama ina ngeli zake na upatanisho wake, na Kiswahili anakijenga shuleni na sokoni, anaweza kulichukua kosa kuwa kanuni, hasa likija mara mia kwa siku katika jambo analolipenda. Si kwamba ngeli ni ngumu kwake. Kinyamwanga na Kinyiha ni lugha za Kibantu, na upatanisho umo katika damu yake. Ndiyo maana ni aibu mashine kumfundisha kuuacha.

Liko na jambo la njeo. Riwaya ya Kiswahili huenda kwa -ka-: alifungua, akaingia, akaona. Mchezo humsemeza mchezaji kwa nafsi ya pili na kwa wakati uliopo: unafungua, unaingia, unaona. Kwa mabadiliko haya madogo uti wa mgongo wa usimulizi wetu huvunjika, na matukio huwa kama vitu vilivyopangwa rafuni, kila kimoja peke yake. Lakini lugha yenyewe imetupa dawa. Hakuna kinachozuia kusema, "Ukafungua mlango, ukaingia, ukaona taa imezimwa." Nafsi ya pili imebaki, na mfuatano umebaki. Vilevile -ki- na -nge- ni kama viliumbwa kwa kazi hii. Mbele ya njia panda mchezaji huambiwa, "Ukimwuliza mpishi… Ukimfuata mtumishi…" Na akiisha kukosea, badala ya kuandikiwa kwamba ameshindwa, aambiwe, "Ungeuliza kwanza, ungejua." Sentensi hiyo moja ina adhabu, ina mafundisho na ina sauti ya mtu. Ni mwandishi wa kuzaliwa na lugha atakayeiandika, si orodha ya kufasiriwa.

V

Je, jambo hili lawezekana Songwe, au ni ndoto ya wasomi? Vyombo vipo. Kipindi cha televisheni cha Ubongo Kids, kilichoanza Dar es Salaam mwaka 2014, kiliwawezesha watoto kujibu maswali kwa ujumbe mfupi wa simu ya kawaida, isiyokuwa na intaneti. Katika mashindano ya Global Learning XPRIZE, programu za kufundisha kusoma Kiswahili kwa michezo na hadithi zilijaribiwa katika vijiji vya mkoa wa Tanga, na washindi wawili, onebillion na Kitkit School, waligawana zawadi kuu mwaka 2019. Kazi hizi zilikuwa za hesabu, sayansi na kusoma kwa mwanzo, si za riwaya. Lakini zimekwisha kuonyesha kwamba mashine yaweza kusema Kiswahili na kusikilizwa. Funzo la Ubongo Kids lafaa hasa kwa Tunduma: mchezo wa maneno hauhitaji simu ya thamani wala bando kubwa. Picha ndizo zinazokula bando. Maneno hula kidogo sana. Mchezo ulio bora kwa mwandishi ndio pia ulio rahisi kwa mchezaji maskini.

Haifai kuusahau upande wa tuzo, ambazo ndizo njia iliyozoeleka ya kumtangaza mwandishi. Tuzo ya Kiswahili iliyoanza kwa jina la Mabati-Cornell iliwapata washindi wake wa kwanza mwaka 2015, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilitolewa mara ya kwanza mwaka 2023. Heshima yake ni kubwa, na miswada mizuri imepata kuchapishwa kwa sababu yake. Lakini tuzo humtangaza mwandishi kwa wale ambao tayari wasoma. Yule asiyesoma huisikia habari ya tuzo kama asikiavyo habari ya arusi ya watu asiowajua. Mchezo wa maneno waweza kumfikia yeye, na hiyo ndiyo fadhila yake ya kweli.

Limebaki jambo la haki. Tanzania Bara ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na Zanzibar ina Sheria yake ya Hakimiliki ya mwaka 2003. Mwandishi anayeombwa riwaya yake ifanywe mchezo na asitie sahihi kabla ya kupata mambo mawili. La kwanza ni fungu katika mapato, asiuze mara moja kama Sapkowski. La pili, ambalo kwa maoni yetu lina uzito zaidi, ni haki ya kuyasoma na kuyasahihisha maneno yote yatakayosemwa kwa jina lake. Fedha zikipotea zaweza kudaiwa, kama Poland ilivyoonyesha. Kauli mbovu ikishaenea katika simu za vijana, hakuna mahakama itakayoirudisha.

Kwa hayo yote twamwambia mchapishaji anayefikiri kutumia mchezo kuwa asianze na picha. Aanze na sura moja ya riwaya, mwandishi, na mtu mmoja aliyejifunza ngeli. Akaijaribu kwa vijana wa Vwawa, Mlowo na Tunduma, kwa simu walizo nazo. Kisha asihesabu ni wangapi waliocheza. Ahesabu ni wangapi waliouliza kitabu chapatikana wapi. Nacho kitabu kiwe kimekwisha kufika, kwa lori au kwa reli, kabla swali hilo halijaulizwa.